Bangkok si maduka pekee: Makavazi ya kutembelea ukipata siku mbili

MUULIZE mfanyabiashara yeyote wa nguo pale Kamukunji au Eastleigh akueleze Bangkok ilivyo. Atakutajia Pratunam, jumba la Platinum, bei ya kusafirisha mzigo kwa kilo, na hoteli za bei nafuu ambazo unaweza kutembea kwa miguu kutoka sokoni. Ukimuuliza kuhusu makavazi atakutazama kama mtu anayeuliza sukuma wiki inauzwa wapi mwezini.

Hana makosa. Mtu aliyekata tiketi kwa pesa za chama haendi kukodolea sanamu macho. Lakini pengine wewe umeenda kwa kongamano, au unaunganisha ndege kwenda Guangzhou, au umemaliza kununua mzigo na imebaki siku moja na nusu kabla ya kurudi JKIA. Hapo ndipo wengi huzunguka madukani mpaka miguu iwake moto, wapige selfi na mlo wa kando ya barabara, basi. Halafu unarudi Nairobi, unaulizwa Thailand kulikuwaje, na jibu lako ni "kulikuwa na joto."

Joto lipo, bana. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuingia makavazi: mengi yana feni au kiyoyozi. Sababu nyingine ni kuwa mji huu umepigania kumbukumbu zake kwa njia ambazo kijana wa Kenya atazielewa haraka sana, hata bila kujua neno moja la Kithai.

Mambo machache ya mfukoni kwanza. Baht moja ni karibu shilingi nne za Kenya, kwa hivyo zidisha kwa nne na utajua unapoteza ngapi. M-Pesa haikusaidii huko, tembea na noti. Viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe sawa kabla hujapanda ndege, kwa sababu Kenya iko kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake huulizwa cheti hicho. Na jiandae kulipa bei ya mgeni. Umezoea kuona mtalii akilipa zaidi yako pale Museum Hill na kwenye mbuga. Bangkok mtalii ni wewe. Meza mate, lipa, ingia.

Watalii wote hukimbilia Ikulu Kuu, ambayo tiketi yake ni baht 500, yaani karibu Sh2,000. Ni pazuri, sibishi, ila utasukumana kama mtu anayetafuta matatu jioni ya mvua pale Odeon. Pita. Tembea dakika chache kandokando ya uwanja wa Sanam Luang hadi Makavazi ya Kitaifa.

Majengo haya yalikuwa Ikulu ya Mbele, makao ya naibu wa mfalme. Mfalme Chulalongkorn, yule wanayemwita Rama wa Tano, alianzisha makavazi ndani ya ikulu yake mwaka 1874, na baada ya cheo cha unaibu kufutwa, vitu vikahamishiwa hapa mwaka 1887. Kwa hivyo unapotembea humo hauko kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya maonyesho. Uko ndani ya nyumba ya watu. Kuna kanisa dogo la Kibudha lenye michoro ya ukutani, na hapo unavua viatu kabla ya kuingia.

Kitu kitakachokusimamisha ni magari ya mazishi ya kifalme. Sahau gari la maiti unalolijua. Haya ni magari ya mbao yaliyochongwa na kupakwa dhahabu, na lile kubwa zaidi, lililotengenezwa mwaka 1795, lina uzani wa karibu tani 14 na kimo cha mita 11. Halina injini. Hukokotwa na wanaume zaidi ya 200 wanaotembea kwa mpigo mmoja. Usidhani ni kitu kilichostaafu: lilitolewa Oktoba 2017 kwa mazishi ya Mfalme Bhumibol, aliyekuwa ametawala miaka 70, kisha likarudishwa ukumbini.

Humo humo kuna jiwe moja lisilo na umbo la kuvutia, ambalo wengi hulipita. Ni maandishi ya Mfalme Ramkhamhaeng, yenye tarehe ya mwaka 1292, yanayohesabiwa kuwa maandishi ya kale zaidi ya Kithai. Unesco iliyaingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 2003. Utamu uko hapa: jiwe lilipatikana mwaka 1833 na mwanamfalme Mongkut, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme, na tangu miaka ya themanini wapo wasomi wanaodai kuwa huenda liliandikwa karne ya 19, kuwaonyesha Wazungu kwamba Siam ilikuwa na ustaarabu wake tangu zamani. Wengine wanasema hiyo ni porojo, jiwe ni halali. Mabishano hayajaisha. Ukilitazama ukijua hivyo, jiwe linaanza kuongea.

Lakini sanamu ambayo ningekuomba uitafute kabla ya zote ni ile wanayoiita Golden Boy. Ni mwanamume wa shaba aliyepakwa dhahabu, amesimama wima, kazi ya karne ya 11. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa amesimama New York, kwenye Metropolitan Museum. Alipitia mikononi mwa Douglas Latchford, mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyekuwa akiishi Bangkok, ambaye mwaka 2019 alishtakiwa Marekani kwa biashara ya vitu vilivyoporwa. Alifariki mwaka 2020 kabla ya kesi kusikizwa. Desemba 2023 New York ikatangaza kurudisha sanamu kadhaa kwa Cambodia na Thailand, na Mei 2024 Golden Boy akapokewa rasmi Bangkok, pamoja na sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti.

Thailand haikuanzia hapo. Mwaka 1988 ilirudishiwa kipande cha mawe ya mlango wa hekalu la Phanom Rung kilichokuwa Chicago, baada ya kelele nyingi za wananchi, na mwaka 2021 vikarudi viwili vingine kutoka San Francisco. Mtoto wa Kilifi anayejua habari za vigango atanielewa. Vigango ni nguzo za ukumbusho wa wazee wa Kimijikenda, zikang'olewa na kuuzwa kama mapambo ya sebuleni, na sasa makavazi ya Marekani, likiwemo lile la Denver, yanazirudisha polepole. Tofauti ni kwamba Golden Boy ana ukumbi, taa, na foleni ya wanafunzi wa shule. Vigango vikirudi hukumbana na swali gumu zaidi: virudishwe msituni vilikokuwa, ambako vinaweza kuibwa tena, au vifungiwe Nairobi mbali na wazee wenyewe?

Ukitoka hapo usikimbilie chakula bado. Jirani kabisa na makavazi ni Chuo Kikuu cha Thammasat. Si makavazi, hakuna tiketi, ila ukiwa kijana wa Kenya uliyeishi Juni 2024 hutaki kuipita. Asubuhi ya Oktoba 6, 1976, polisi na makundi ya mrengo wa kulia walivamia chuo hiki, ambamo wanafunzi walikuwa wamekusanyika kupinga kurudi nchini kwa dikteta wa zamani, Thanom Kittikachorn. Hesabu rasmi ni watu 46 waliouawa. Wanaharakati wanasema walikuwa zaidi. Jioni hiyo hiyo jeshi likachukua nchi, na mwaka 1978 ukapitishwa msamaha wa kisheria. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa mauaji hayo.

Bustanini karibu na lango kuna ukumbusho wa jiwe jekundu. Watu hupita na vikombe vyao vya chai ya barafu. Kila Oktoba 6 huwekwa maua. Sasa jiulize ni kwa nini, katika jumba lote kubwa la jirani lenye dhahabu na magari ya tani 14, stori hii haina ukumbi wake. Halafu kabla hujawacheka, jiulize vyumba vya mateso vya Nyayo House viko wazi siku gani kwa umma.

Onyo la kirafiki: Thailand ina sheria kali kuhusu kumtusi mfalme na familia yake, kifungo ni miaka mitatu hadi 15 kwa kila kosa. Mzaha wa TikTok uuache Nairobi. Uliza, sikiliza, soma, na umwache mwenyeji wako aamue anataka kuongea kiasi gani.

Nyuma ya chuo kuna gati la Tha Phra Chan. Panda feri ndogo, lipa baht chache tu, uvuke mto Chao Phraya. Kama umewahi kupanda feri ya Likoni utajihisi nyumbani, ila hii ni ya dakika chache na haina magari. Ng'ambo ni Wang Lang, soko la vyakula lililojaa wanafunzi na wauguzi. Wauguzi, kwa sababu hapo ndipo ilipo hospitali ya Siriraj, ya zamani kuliko zote nchini, iliyofunguliwa mwaka 1888. Jina ni la mtoto wa mfalme Chulalongkorn, aliyefariki kwa ugonjwa wa kuhara akiwa hajafika miaka miwili. Baba akajenga hospitali.

Ndani ya hospitali kuna makavazi ya tiba. Kula kwanza au kula baadaye, huo ni uamuzi wako, ila usile katikati. Kuna mafuvu yenye matundu ya risasi, mapafu ya watu waliochomwa visu, kumbukumbu za kazi ya kutambua miili baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004. Kuna sehemu ya vimelea inayoonyesha minyoo na magonjwa yake, na hapo watu wa Kwale, Kilifi na Lamu hawatashangaa sana: matende na mabusha tunayajua kwa majina ya majirani. Wengine hucheka wakifika kwenye kielelezo cha busha. Aliyewahi kuona babu yake akishindwa kutembea hacheki.

Kuna watoto waliozaliwa wakiwa wameungana, wamehifadhiwa kwenye mitungi. Nchi hii ndiyo iliyozaa Chang na Eng, mapacha walioungana waliozaliwa mwaka 1811 na kuzungushwa Marekani na Ulaya kama maonyesho, mpaka Wazungu wakaanza kuwaita mapacha wote wa aina hiyo kwa jina la Siam. Mbele ya mitungi ya watoto utakuta peremende, wanasesere na vigari vya kuchezea. Huletwa na wageni, Wathai wenyewe, kwa heshima ya roho za watoto hao. Hakuna kupiga picha humo, na ni vizuri hivyo.

Na hapa ndipo kuna habari ambayo ningetaka uijue kabla hujaingia. Kwa karibu miaka 60, kivutio kikubwa cha jumba hili kilikuwa maiti ya mwanamume mmoja, imekaushwa, imesimama ndani ya kabati la kioo, na kibao kilichosema kwamba alikuwa mla watu. Wanamwita Si Quey. Alikuwa mhamiaji kutoka China, maskini, kibarua, aliyefika Thailand baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1958 alikamatwa kwa mauaji ya mtoto, magazeti yakamtwika mauaji ya watoto wengine na kula viungo vyao, na Septemba 1959 akapigwa risasi kwa amri ya mahakama. Mwili ukachukuliwa kwa utafiti, halafu ukabaki. Vizazi vya watoto wa Kithai vililazwa kwa vitisho vya jina lake: usipolala, Si Quey atakuja akule ini. Filamu zikatengenezwa.

Baadaye watu walianza kuuliza maswali. Mtu huyu hakujua Kithai vizuri, alihojiwa kupitia mkalimani. Je, alielewa alichokiri? Wakazi wa Thap Sakae, mji wa pwani alikowahi kufanya kazi mashambani, walimkumbuka kama mtu mpole. Ukaanzishwa ombi mtandaoni, maelfu wakatia sahihi, si lazima kusema kwamba hakuwa na hatia, bali kuuliza ni kwa haki gani maiti ya binadamu inawekwa kabatini ili watalii waipigie mayowe. Mwaka 2019 hospitali ilibadilisha kibao, kisha ikamwondoa. Hakuna jamaa aliyejitokeza kuuchukua mwili. Julai 23, 2020, akachomwa katika hekalu moja mkoani Nonthaburi, na watu wa Thap Sakae walikuwepo kumzika kama ndugu yao.

Wanandi wamekuwa wakidai kichwa cha Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Meinertzhagen mwaka 1905, kwa zaidi ya karne. Koitalel alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa watu wake, na Si Quey alikuwa kibarua asiye na mtu. Wa pili ndiye aliyepata mazishi, kwa sababu watu wasiomjua waliwasumbua wakubwa kwa simu zao mpaka wakachoka.

Hiyo ni siku moja tayari, na nzito. Siku ya pili iwe nyepesi kidogo.

Kituo cha treni cha National Stadium kiko karibu na jumba la MBK, lile la simu na mabegi. Ng'ambo ya barabara kuna jengo jeupe la mviringo, kituo cha sanaa na utamaduni wanachokiita BACC. Kuingia ni bure. Unapanda juu kwa njia ya mteremko inayozunguka, ukitazama picha, ufinyanzi, video, kazi za vijana wa rika lako. Kituo hiki nusura kiwe duka jingine. Mpango wake ulipitishwa katika miaka ya tisini, kisha mwaka 2001 gavana mpya wa mji akataka kiwanja kijengwe jumba la biashara. Wasanii wakaandamana, wakachora, wakakusanya sahihi, gavana mwingine akaurudisha mpango, na milango ikafunguliwa mwaka 2008. Simama kwenye dirisha la juu uhesabu maduka makubwa yaliyo karibu. Kweli lilihitajika jingine?

Dakika chache kwa miguu kutoka hapo ni nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyewahi kuwa jasusi, akafufua biashara ya hariri ya Kithai na kuunganisha nyumba sita za zamani za mbao kuwa moja. Machi 1967 alienda matembezi huko Cameron Highlands, Malaysia, na hajaonekana tena mpaka leo. Mwongozaji atakuchangamsha na nadharia zote. Mimi ningekutuma utazame ng'ambo ya mfereji ulio nyuma ya nyumba, mtaa wa Ban Khrua. Hao ni Waislamu wa Kicham, na wafumaji wao ndio waliomfumia Thompson hariri iliyompa jina. Yeye ana makavazi. Wao wana mtaa, msikiti, na chakula halali, ukiwa unakitafuta.

Museum Siam, karibu na kituo cha Sanam Chai, ninaitaja harakaharaka: ni ya kisasa, ya kugusa na kucheza, inauliza "Uthai" ni nini hasa. Nzuri ukiwa na watoto.

Yale ambayo wafanyabiashara wetu hupita kila safari bila kujua ni Makavazi ya Wafanyakazi, kule Makkasan, si mbali na Pratunam. Ni jengo dogo la zamani, lilianzishwa mwaka 1993 na vyama vya wafanyakazi, halina pesa na linaonekana halina pesa. Humo kuna habari za watumwa waliojenga mji, makuli wa Kichina, migomo, na moto wa kiwanda cha Kader. Mei 10, 1993, kiwanda hicho cha wanasesere wa kuuzwa nje, mkoani Nakhon Pathom, kiliungua na kuporomoka. Walikufa watu 188, wengi wao wasichana. Milango mingine ilikuwa imefungwa, kwa hofu kwamba wangeiba wanasesere. Leo Mei 10 ni siku ya kitaifa ya usalama kazini Thailand.

Nenda hapo hasa kama una dada anayefanya kazi viwandani Athi River, au kama wewe mwenyewe unatafuta kazi nje. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikiwarudisha nyumbani vijana walioahidiwa kazi safi Thailand, wakapokewa Bangkok, wakavukishwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Ajenti usiyemjua akikutumia tiketi ya Bangkok ya bure, hiyo si safari ya makavazi.

Ya mwisho ni nyumba tu. Makavazi ya Bangkokian, mtaa wa Bang Rak, ni nyumba za mbao za familia ya kawaida yenye uwezo kiasi, zilizo na sahani, cherehani na vitanda vyao vya miaka ya kabla na baada ya vita. Mwenyewe, mhadhiri mstaafu, aliikabidhi manispaa mwaka 2004. Mwaka 2016 akasikia kwamba kiwanja cha jirani kinataka kujengwa ghorofa nane, ambazo zingeizika nyumba kivulini. Kiwanja kilikuwa baht milioni 40. Alitoa milioni 30 zake, akaitisha harambee ya zilizobaki: watu 100,000, kila mtu baht 100. Zikatimia kabla ya muda kuisha. Yeye alifariki mwaka uliofuata.

Kuingia ni bure. Hakikisha tu si Jumatatu, siku ambayo makavazi mengi ya mji hufungwa, na kumbuka Makavazi ya Kitaifa hufunga Jumatatu na Jumanne, Siriraj Jumanne. Jumatano ndiyo siku salama ya kuanza.